Usiandike kabla hujahesabu: maneno ya mwanafunzi mzee wa darasa la uchoraji

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi hapa Mwanza, siku darasa letu la uchoraji lilipofungua maonyesho yake madogo. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, lakini katikati ya kusema nikaliacha daftari, kwa hiyo sehemu nyingine nimeziandika upya kwa kumbukumbu. Wanadarasa wawili wamenisahihisha.

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu wetu, wazazi mlioleta watoto na watoto mlioleta wazazi, wanadarasa wenzangu: mwangaluka!

Upande wa kushoto wamejibu, upande wa kulia wamenyamaza. Basi nyie wa kulia, habari za asubuhi. Ahsanteni.

Mwalimu alinipigia simu Jumatano akaniambia, "Mzee, wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya wanafunzi." Nikamuuliza kwa nini asimchukue mmoja wa vijana wanaochora vizuri. Akasema, "Wanaochora vizuri wamesahau walivyokuwa wanachora vibaya. Wewe hujasahau, tena umetunza ushahidi."

Ushahidi wenyewe huu hapa. Mjukuu wangu, hebu inua hiyo picha, izungushe taratibu watu wote waione. Hii ndiyo picha yangu ya kwanza darasani. Nani ataniambia ni picha ya nini?

Mama pale nyuma anasema andazi. Kijana huyu anasema mkate uliokaliwa. Ahsanteni sana. Hilo ni Jiwe la Bismarck.

Mnacheka, na mimi nacheka, ingawa siku ile sikucheka. Kwa wageni wasioifahamu Mwanza, Jiwe la Bismarck ni lile rundo la mawe lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani wakati Wajerumani wakitutawala. Ukisema Mwanza, watu wengi wanaliona jiwe hilo kabla hawajakuona wewe. Mimi nimelipita karibu kila siku ya kazi kwa miaka 31. Ungeniuliza kama nalijua, ningekasirika.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa utunzaji wa stoo. Stoo kipa. Nilianza na vipuri vya mashine za kuchambua pamba, nikamalizia kwenye vifaa vya ujenzi. Stoo ina amri moja iliyo kubwa kuliko zote, na mimi nilikuwa nimeiandika mlangoni kwa maka peni: USIANDIKE KABLA HUJAHESABU. Maana yake ni hii. Kila bidhaa ina kadi yake. Kadi inasema beringi ziko 40. Mwisho wa mwaka, siku ya kuhesabu mali, unatakiwa ufungue boksi, uzimwage mezani, uzihesabu moja moja, ndipo uandike. Mvivu hafungui boksi. Anasoma kadi, anaandika 40, anakwenda kunywa chai. Karatasi inapendeza, jumla inalingana, mkubwa anatia sahihi. Ndani ya boksi zimo beringi 31 na panya aliyekufa zamani.

Vijana wangu kazini walikuwa wananiogopa kwa ajili ya amri hiyo. Nilikuwa nanusa mtu aliyenakili kadi kutoka mlangoni.

Sasa njooni siku ya kwanza ya darasa. Nilikuwa nimestaafu miezi minne, nyumbani nimeshapanga upya kabati la vyombo mara mbili, na mke wangu akaniambia kwa upole kwamba kuna kijana anafundisha uchoraji kila Jumamosi na kwamba, kwa maoni yake, ningependa sana kwenda huko, tena mapema. Nikaenda. Mwalimu akatupeleka ufukweni, akatupa kila mtu karatasi na kijiti cha mkaa. Mkaa wa kweli, wa vijiti vyembamba vilivyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa. Akasema tuchore jiwe.

Nilimaliza ndani ya dakika kumi. Nikakung'uta mikono, nikawatazama wenzangu kwa huruma. Mwalimu akaja, akachuchumaa kando yangu. Ni kijana, umri wake ni wa mwanangu wa tatu. Akasema, "Mzee, shikamoo tena. Lile jiwe la juu lina nyufa ngapi?"

Nikasema sijui.

"Na wewe umechora ngapi?"

Nikatazama karatasi. "Mbili."

"Umezitoa wapi?"

Ndugu zangu, masikio yaliwaka moto. Miaka yote ile nikiwafokea vijana wa watu, na hapa nimekaa mbele ya jiwe lenyewe, mchana kweupe, boksi liko wazi, nami nimeandika kutoka kwenye kadi. Nilikuwa na kadi kichwani imeandikwa "jiwe": kitu cha mviringo, cha kijivu, kina ufa. Nikaichora kadi.

Nilikaa pale hadi adhuhuri, nikafungua boksi. Sitawachosha na yote niliyoyakuta, ila niwaambie moja ambalo limenisaidia kuliko mengine. Mawe yetu ya Mwanza ni matale, yaani graniti, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwanzoni hayakuwa mawe ya mviringo. Yalikuwa mwamba mmoja mkubwa chini ya ardhi, umepasukapasuka kwa nyufa za wima na za ulalo, kama matofali yaliyopangwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa na kuanza kuula mwamba. Fikirini tofali: uso wake unashambuliwa upande mmoja, ukingo wake pande mbili, kona yake pande tatu. Kona ikaliwa kwanza. Baada ya muda mrefu sana tofali likawa kama yai, udongo ukachukuliwa na maji, mawe yakabaki yamekaliana jinsi mnavyoyaona Mabatini na Makoroboi, nyumba zimejipenyeza katikati.

Mchoraji anapata nini hapo? Anapata kwamba ule mviringo ni uongo wa juujuu. Chini yake kuna sanduku. Ukichora duara kisha ukalitia kivuli, unapata andazi, kama mama alivyosema. Ukitafuta kwanza uso wa juu, uso wa mbele na uso wa pembeni, ukaamua jua linapiga upi, halafu ndipo ulainishe kona, jiwe linapata uzito. Linakaa. Ile picha pale ukutani, ya tatu kutoka mlangoni, ni jiwe lilelile miaka miwili baadaye. Sisemi ni nzuri. Nasema mtu anaweza kuegesha mtumbwi kando yake.

Baada ya jiwe likaja ziwa, na ziwa lilinitesa zaidi kwa sababu kadi yake ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito: maji ni bluu.

Mwalimu hakuwa na fedha ya kutununulia rangi za bei mbaya. Mwanzoni tulitumia rangi ya ukutani, ile ya maji, nyeupe, tukaikoroga na rangi za unga. Bluu yetu ilikuwa ile bluu ya kufulia, ile mama zetu walikuwa wanaloweka mashati meupe ya shule. Nilidhani ni umaskini wetu tu. Kumbe unga ule ndio ultramarini, mojawapo ya rangi zenye historia ndefu katika uchoraji. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na huko Ulaya bei yake ilishindana na dhahabu, hata wachoraji wakawa mara nyingi wanaiweka akiba kwa ajili ya vazi la Bikira Maria. Miaka ya 1820 Wafaransa wakapata njia ya kuitengeneza kiwandani, bei ikaanguka, na mwisho wa safari ikafika kwenye beseni la mama yangu. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka mama akikamua shati langu, mikono yote ya buluu, tajiri bila kujua.

Basi nikapaka ziwa lote kwa utajiri huo. Mwalimu hakusema kitu. Alichukua chupa tupu, akashuka, akachota maji, akaiweka mbele yangu. Maji ya pale ufukweni mnayajua: yana ukijani, na baada ya mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Akaniambia nisimame, nitazame maji yaliyo miguuni pangu, kisha nipandishe macho polepole hadi ng'ambo. Fanyeni siku moja. Miguuni unaona ndani ya maji: ukijani, mchanga, vijiwe. Kadiri unavyotazama mbali, jicho linayapitia maji kwa mshazari, na uso wa maji unageuka kioo. Huoni tena maji, unaona mbingu iliyolala juu yake. Asubuhi yenye mawingu ziwa la mbali ni jeupe kama bati. Jioni ni la waridi. Penye magugu maji ni kijani kibichi. Bluu ya kufulia nimeiona ziwani siku chache sana, mchana wa upepo, na hata siku hizo ilikuwa imevunjikavunjika.

Lipo jambo jingine la ziwa, na hili nawaombeni mlijaribu mkitoka hapa, upande ule ambako ziwa linafunguka na hakuna kilima mbele. Shikeni rula au kalamu kwa ulalo, sawa na macho. Mstari ambapo maji yanakutana na mbingu utajificha nyuma yake. Chuchumaeni: mstari unashuka pamoja nanyi. Pandeni kilima cha Capri Point: mstari unapanda pamoja nanyi. Upeo wa macho uko usawa wa jicho la anayetazama, popote alipo. Na ukiwa umesimama ufukweni na wavuvi wenye kimo chako wamesimama kwenye mchanga uleule, mmoja karibu, mwingine mbali sana, mstari ule utawakata wote machoni. Mimi nilikuwa nauweka popote penye nafasi. Ndiyo maana ziwa langu la kwanza lilisimama kama ukuta na mitumbwi ikawa inateleza kumwangukia mtazamaji. Mwanadarasa mwenzetu mmoja, kijana wa bodaboda, aliniambia, "Babu, hapa abiria wote wamezama." Alikuwa sahihi, ingawa nilimnunia hadi wiki iliyofuata.

Nimemtaja, basi nimalize habari zake. Wengi mnaona aibu kujiunga na darasa ukubwani kwa sababu mtakosolewa na watoto. Ni kweli, mtakosolewa. Darasa letu lina kanuni moja ya kukosoana, sijui mwalimu aliitoa wapi: picha ikisimamishwa mbele, neno la kwanza la kila mtu lazima liwe kitu kinachohesabika. Hairuhusiwi kuanza na "nzuri", hairuhusiwi kuanza na "haijanivutia". Useme, kwa mfano, kivuli cha mtumbwi kinaelekea mashariki na cha mama muuza dagaa kinaelekea magharibi. Au: mkono huu una vidole sita. Dada yetu nesi ndiye mkali kuliko wote, kwa sababu amezoea kusoma chati ya mgonjwa bila kuingiza hisia. Kanuni hiyo imetuponya wote, wanaopenda kusifiwa na wanaoogopa kusemwa. Kuambiwa "vidole sita" hakukuumizi. Unahesabu, unakuta kweli ni sita, unafuta kimoja.

Sifa ndizo zilizoniumiza mimi. Mwezi wa saba niligundua machweo. Jua la chungwa, maji ya chungwa, mtumbwi mweusi, mtu mmoja na kasia. Nikaipiga picha kwa simu, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Lo! Shangazi Geita, wapwa Dar es Salaam, mpaka yule binamu ambaye huwa anaonekana siku za misiba tu, wote: hongera babu, kumbe una kipaji. Wiki iliyofuata nikachora machweo mengine. Na mengine. Nilichora machweo kwa miezi mitatu, na grupu halikuchoka.

Mimi huandika tarehe nyuma ya kila picha, mazoea ya stoo. Siku moja nikazipanga sakafuni kwa mfuatano wa tarehe ili nijionee maendeleo. Nikakuta yale machweo tisa ukiyachanganya huwezi kuyapanga tena. La mwisho halikujua chochote ambacho la kwanza halikujua.

Nikampelekea mwalimu. Akachukua simu yangu, akapiga picha ya lile nililolipenda kuliko yote, akaiondoa rangi ibaki ya weusi na weupe. Jua likapotea! Sitanii. Chungwa langu na buluu yangu zilikuwa na mwanga sawasawa, kwa hiyo rangi ilipoondoka vyote vikawa kijivu kimoja, kama uji uliopoa, na mtumbwi umesimama peke yake katikati. Akaninyang'anya rangi kwa wiki nane. Nyeusi na nyeupe basi. Kazi ya kwanza, kukoroga vijivu vitano kutoka giza hadi mwanga, kila kimoja kikiachana na mwenzake hatua sawa. Jaribuni. Nilikaa Jumamosi nzima nikapata vinne na kimoja cha mashaka.

Njia ya kuona mwanga na giza bila rangi kukudanganya ni kufinya macho, kope zikaribie kukutana. Vitu vidogo vinapotea, yanabaki mabonge makubwa ya mwanga na ya kivuli. Nilifanya zoezi hilo kila mahali. Mke wangu alinikuta sebuleni nimemkazia macho nusu yamefumba, akaniuliza nina nini naye leo. Nikasema nataka kumchora.

Hiyo nayo ilikuwa habari. Nilimchora kwa siku tatu. Akaja kuangalia, akakaa kimya, kisha akauliza, "Huyu ni dada yako yule wa Sengerema?" Haya, twendeni pamoja, kila mtu atumie kidole chake na penseli ya jirani. Pimeni kutoka utosini hadi kwenye jicho, kisha kutoka jichoni hadi chini ya kidevu. Msione haya, mgeni rasmi ameshaanza. Mnaona? Karibu sawa. Macho ya mtu mzima yako katikati ya kichwa. Sisi wanaoanza tunayaweka juu, kwenye robo ya kwanza, kwa sababu kwenye kadi ya kichwa tumeandika macho, pua, mdomo, masikio, na paji la uso hatukuliandika kabisa. Halina kitu cha kutaja, basi tunalipunguza. Nilikuwa nimemkata mke wangu kichwa nusu. Picha ya pili ipo, hakuruhusu iletwe hapa, na mimi ni mtu wa kutii.

Watu wananiuliza kama ni vibaya kunakili picha za wengine. Hapa nitasema langu, na mwalimu hatakubaliana nami lote. Kuna mchoraji kutoka Kilimanjaro, Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Kauli yake inayojulikana ni kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Kuna mwingine, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Hakukaa darasa la uchoraji. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mkono wake mpaka jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Wamelisha familia kwa kuiga. Mimi siwezi kusimama hapa nikiwa na pensheni yangu nikawaambia wamemlaza Mungu.

Ila kwa mwanafunzi nasema hivi: kunakili picha ni kunakili kadi ya stoo ya jirani. Utajifunza mwandiko wake, utajua anapangaje safu zake, na hilo ni jambo kubwa. Nilinakili tumbili mmoja wa Tingatinga mara sita na nikaelewa jinsi mstari mmoja wa brashi unavyoanza mnene na kuisha kama unywele. Lakini beringi zilizomo ndani ya boksi lako kadi ya jirani haizijui.

Nilitaka niseme kidogo kuhusu vifaa, naona muda unakwenda, basi haraka. Kitambaa cha marekani kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa rangi nyeupe mara mbili, kinatosha kwa miaka miwili ya kwanza. Akriliki, ile rangi ya wachoraji inayochanganywa na maji, ikikauka inakolea giza kidogo kuliko ilipokuwa mbichi, kwa hiyo usiishangae kesho yake. Juni hadi Agosti, jua kali na hakuna mvua, inakukaukia kwenye kibao kabla hujaamua. Kuwa na chupa ya kupulizia maji. Na brashi usiiache imesimama ndani ya kopo kichwa chini. Nimezika brashi nne kwa kosa hilo. Wanaolalamika kwamba tyubu ya rangi ni ghali nawakumbusha kuwa kabla Mmarekani John Goffe Rand hajabuni tyubu ya bati mwaka 1841, wachoraji walitembea na rangi ndani ya kibofu cha nguruwe. Ukikitoboa kwa bahati mbaya, umeharibu rangi na suruali.

Nimalizie na kile kilicho mezani pale chini ya kitambaa kibichi. Wengine mmeshaanza kukisikia harufu, msijali, ni kibichi cha alfajiri. Ni sato, nimemnunua mwenyewe Mwaloni, Kirumba, saa kumi na mbili asubuhi, na amelazwa juu ya barafu.

Nilipomchora samaki mara ya kwanza nilikwenda dukani kununua rangi ya fedha. Nikampaka kuanzia kichwa hadi mkia. Akawa kijiko. Mwalimu akanipa kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo katikati, akaniambia nikiweke mbele ya jicho moja, nimtazame samaki kupitia tunduni, sehemu moja baada ya nyingine, na nitaje rangi ninayoiona bila kujali ni samaki. Tumboni: njano iliyopauka. Juu ya pezi: kijivu chenye ukijani. Karibu na shavu: waridi. Halafu nikakuta ubavuni kipande cha buluu safi kabisa, nikashangaa samaki gani huyu, mpaka nilipojitazama. Ilikuwa rangi ya shati langu. Ng'aro la samaki ni vioo vidogo maelfu, na kila kioo kinaonyesha kilicho mbele yake: dirisha, meza, mtu. Fedha haikuwepo hata tone.

Tatizo ni kwamba hakusubiri. Ndani ya saa moja na nusu jicho liliingia ukungu, magamba yakafifia, na nilikuwa bado nabishana na pezi la mgongoni. Nilikwenda nyumbani na samaki aliyeishia tumboni, kwenye karatasi na kwenye sahani vilevile.

Sasa, mlangoni kuna meza, karatasi na vijiti vya mkaa, na kuna kasha la rangi kwa atakayethubutu. Kila mmoja wenu atapewa kadi yenye tundu. Nimezitengeneza 60 wiki hii. Mkizigeuza nyuma mtaona zina mistari na maneno: bidhaa, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ni kadi tupu za stoo zilizobaki mkononi mwangu nilipostaafu. Nimezitoboa katikati kwa panchi, ile ya kutobolea karatasi.

Wa kwanza wasogee, tafadhali, wenye mashati ya rangi kali wakae upande wa dirishani. Kitambaa nakiondoa sasa hivi, na saa saba kamili mama lishe wa jirani anakuja kumchukua samaki wake, nimeshamwahidi.